"Umekunywa Dawa?": Uchambuzi wa Kisa cha Meseji za Ufuasi kwa Mtu Anayeishi na VVU na Kutumia Heroini

Kisa hiki kinatoka katika kliniki moja ya tiba na matunzo (CTC) jijini Dodoma, ambako nilikuwa muuguzi mshauri. Jina la mhusika, umri wake kamili, kata anayoishi na tarehe za matukio vimeondolewa, na mambo mawili matatu ya maisha yake yamebadilishwa ili hata jirani yake akisoma asimtambue. Nitamwita Kaka M. Kwa kawaida katika kliniki zetu tunasema "mteja", lakini neno hilo nimeliepuka kwa makusudi, kwa kuwa mitaani watu wanaotumia heroini huitwa "mateja", na wapo wanaosimulia kwamba jina hilo lilitokana na ile sauti ya kampuni za simu inayosema mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Kwa mpango wetu wa kumkumbusha dawa kwa meseji, uliotegemea simu kuanzia mwanzo hadi mwisho, jina hilo lilikuwa onyo ambalo hatukulisikia.

Usuli

Kaka M. ni mwanamume wa umri wa miaka thelathini na kitu aliyefika Dodoma akiwa utingo wa malori ya masafa marefu. Alianza kuvuta heroini iliyochanganywa na bangi na tumbaku, ile inayoitwa kokteli, kisha akaingia kwenye kujidunga. Aligundulika kuwa na VVU akiwa katika mji mwingine wa pwani, ambako tayari alikuwa ameanza tiba ya methadoni, dawa inayonywewa badala ya heroini, na akaanzishiwa dawa za kufubaza virusi kwa kidonge kimoja cha mchanganyiko wa tenofovir, lamivudine na efavirenz. Baada ya miezi michache aliacha methadoni pamoja na vidonge, akarudi barabarani, na miaka kadhaa baadaye akatulia Dodoma, akiishi kwa kupakia na kushusha mizigo karibu na soko moja la jiji na, msimu wa zabibu unapofika, kwenda vijijini kubeba makreti.

Alipojiunga tena na methadoni hapa Dodoma, wahudumu wa kituo hicho walimleta kwetu na kadi mpya ikafunguliwa. Wakati huo nchi ilikuwa imeshahamia kwenye mchanganyiko wenye dolutegravir, mabadiliko yaliyoanza mwaka 2019, hivyo alipewa TLD (tenofovir, lamivudine na dolutegravir), kidonge kimoja kwa siku. Methadoni aliinywa kila asubuhi dirishani mbele ya mhudumu, na vidonge vya VVU alivichukua kwetu vya mwezi mmoja mmoja na kuvinywa mwenyewe alikolala. Vilikuwa vituo viwili, vyenye majalada mawili na wauguzi wasiojuana kwa majina.

Kipimo cha wingi wa virusi baada ya miezi sita kilirudi kikiwa juu sana ya nakala 1,000 katika mililita moja ya damu. Kwa utaratibu wetu, mtu wa namna hiyo hupewa vikao vitatu vya ushauri nasaha wa kina kuhusu ufuasi wa dawa, kisha hupimwa tena. Katika kikao cha kwanza nilimuuliza kinachomzuia kunywa dawa, naye akajibu kwa neno moja: "Nasahau, Sista." Nililiandika neno hilo kwenye jalada na maamuzi yote ya miezi mitatu iliyofuata yakajengwa juu yake. Leo ninajua kwamba "nasahau" ndilo jibu ambalo halimkwazi muuguzi, halimwaibishi anayejibu, na linafunga kikao mapema.

Kwa nini tulichagua meseji

Uamuzi haukutoka hewani. Shirika la Afya Duniani liliutaja ujumbe wa simu katika mwongozo wake wa mwaka 2013 kama njia mojawapo ya kuwasaidia watu kufuata tiba ya VVU, na ushahidi uliolipa nguvu wazo hilo ulitoka jirani, Kenya. Utafiti wa WelTel, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2010 ukiwa na washiriki 538, ulituma ujumbe mmoja tu kwa wiki ukiuliza "Mambo?", na mpokeaji alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48; aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa na muuguzi. Kati ya waliotumiwa ujumbe, asilimia 62 walisema walikunywa dawa ipasavyo, dhidi ya asilimia 50 ya wasiotumiwa, na virusi vilifubaa kwa asilimia 57 ya watu dhidi ya 48. Utafiti mwingine wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba ujumbe wa kila wiki ulisaidia ilhali wa kila siku haukuleta tofauti.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu tuliyasoma yote, tukayajadili kwenye kikao cha timu, kisha tukafanya kinyume chake. Tulianzisha ujumbe wa kila siku, usio na swali, unaotumwa wenyewe na programu ya kompyuta saa 2 usiku. Sababu ilikuwa nyepesi mno: programu ilikuwepo tayari, ilikuwa ikitumika kukumbusha tarehe za miadi, na kumwongeza mtu mmoja hakukuhitaji kibali wala bajeti. Tena, kama tatizo ni kusahau, kikumbusho cha kila siku kilionekana ndiyo tiba yenyewe.

Awamu ya kwanza: kikumbusho

Kaka M. alisaini fomu ya ridhaa na kutoa namba ya simu. Laini ile ilikuwa imesajiliwa kwa jina la dada yake, kwa kuwa yeye hakuwa na namba ya kitambulisho cha taifa, na tangu usajili wa alama za vidole ulipokazwa, laini zisizosajiliwa zikaanza kufungwa Januari 2020, Mtanzania asiye na namba ya NIDA hana njia ya halali ya kuwa na laini kwa jina lake. Simu yenyewe ilikuwa kitochi cha zamani ambacho alikiacha kibandani kuchajiwa mara mbili kwa wiki. Hakuna aliyeniambia haya kwa siri. Yeye mwenyewe aliyasema waziwazi siku ya kusaini, nami nikayachukulia kuwa maelezo ya pembeni.

Ujumbe wa kwanza ulisomeka: "Kumbuka kunywa dawa zako kwa wakati." Siku ya nne alikuja kliniki bila miadi, akiwa na hasira ya kimya. Rafiki yake wa maskani alikuwa ameshika simu ile asikilize redio, ujumbe ukaingia, akausoma kwa sauti mbele ya watu saba. Kaka M. aliwaambia kuwa ni dawa za kifua kikuu, na bahati nzuri walimwamini, ingawa tangu jioni ile hakuna aliyetaka kuvuta sigara moja naye.

Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda usiri wa hali ya mtu ya VVU, na tangu mwaka 2022 tuna pia sheria ya kulinda taarifa binafsi. Ujumbe wetu haukutaja VVU, na kwa hiyo tulijiona salama. Lakini usiri wa karatasi na usiri wa maskani ni vitu viwili. Neno "dawa" likiingia saa 2 usiku, kila siku, kwenye simu inayoshikwa na watu wengi, linatosha kuanzisha maswali.

Awamu ya pili: swali

Tulibadilisha mambo matatu. Ujumbe ukawa wa mara moja kwa wiki, Jumatano mchana. Ukatumwa kutoka simu ya kliniki inayoshikwa na muuguzi badala ya kompyuta. Na ukawa swali. Tulibishana kidogo kuhusu maneno: "Mambo?" ya Wakenya ilionekana kwa muuguzi mwenzangu, mama wa makamo, kuwa ni salamu ya vijana isiyofaa kutoka kliniki, ilhali Kaka M. mwenyewe alicheka na kusema ujumbe wenye "Ndugu mteja" utafutwa kabla haujasomwa. Tukakubaliana na "Kaka, umekunywa dawa wiki hii?" Naam, neno "dawa" tulilirudisha. Tulijiambia kwamba mchana yuko kazini na simu iko mfukoni mwake.

Kwa wiki tatu majibu yalikuwa "Ndiyo Sista", "Ndiyo", "Ndiyo kila siku". Tulifurahi, na katika kikao cha pili cha ushauri nilimpongeza. Wiki ya nne nilikutana na muuguzi wa kituo cha methadoni kwenye mafunzo, nikamsimulia, naye akaniuliza kwa upole: "Una uhakika anajibu kuhusu dawa yako?" Katika vituo vya methadoni "kunywa dawa" maana yake ni kunywa methadoni. Watu hupanga foleni "kunywa dawa", hulalamika kuwa "dawa" imepunguzwa, huulizana njiani kama mwenzao ameshakunywa "dawa". Kaka M. hakutudanganya hata mara moja. Tulimuuliza swali moja, akajibu jingine kwa ukweli mtupu.

Hapo ndipo ilipobidi nimuulize ana kwa ana, nikitaja vidonge kwa rangi na umbo, siyo kwa neno lile. Akakaa kimya, kisha akaeleza jambo ambalo lilipaswa kutoka katika kikao cha kwanza. Vidonge alivinywa siku ambazo hakuvuta. Siku aliyovuta, kwa kuwa methadoni ilikuwa bado haijatosha kumwondolea hamu na hata baada ya kutosha alikuwa akiteleza mara moja moja, aliviacha. Kwa maneno yake, dawa na unga havikai tumbo moja. Na ujumbe wetu wa awali wa saa 2 usiku ulikuwa ukimfikia katika saa ambazo mara nyingi alikuwa ameshavuta: ulimkumbusha vizuri sana, akakumbuka, akaacha kunywa.

Nilipomuuliza imani hiyo aliipata wapi, alinirudisha pwani. Alipoanza vidonge vya kwanza huku akiwa kwenye methadoni, ndani ya wiki mbili arosto, yaani mateso ya mwili unaokosa heroini, ilimrudia: mifupa kuuma, jasho, kupiga miayo, kuharisha, kukosa usingizi. Aliwaambia wahudumu, wakamwambia anatafuta kuongezewa dozi. Akahitimisha mwenyewe kuwa vidonge na vitu vyake vinapigana, akachagua kimoja, na baadaye akaacha vyote.

Hitimisho lake lilikuwa na msingi. Efavirenz huchochea vimeng'enya vya ini vinavyovunja methadoni, kiasi chake katika damu kikashuka, na mtu akaingia arosto ingawa anakunywa dozi ile ile. Dawa yake ni kuongeza methadoni, siyo kumshuku mgonjwa. Dolutegravir haina tabia hiyo. Kaka M. alikuwa amehamishwa kutoka kidonge kimoja kwenda kingine bila mtu yeyote kumweleza kwamba ugomvi alioujua mwilini mwake umeondoka pamoja na kidonge cha zamani. Hakuna meseji, hata iandikwe na malenga, ambayo ingelifikia jambo hilo.

Tulimweleza kwa kirefu, muuguzi wa methadoni akiwepo, kwamba kidonge cha sasa kinywewe kila siku, hata siku aliyovuta, na hasa siku hiyo asikiache. Hatukusema kwamba kuvuta si tatizo. Tulisema ni tatizo lingine, lina tiba yake, na lisimnyang'anye tiba hii.

Awamu ya tatu: dirisha, na bipu

Baada ya hapo tuliamua kukihamishia kidonge dirishani. Kopo lake lilibaki kwa muuguzi wa methadoni na kila asubuhi alikunywa vyote viwili mara moja. Yeye ndiye aliyependekeza, kwa sababu ambayo hatukuifikiria: kopo jipya lenye vidonge hulia kama kayamba, na katika chumba cha watu wanne huwezi kulificha.

Ujumbe haukuachwa, ila kazi yake ilibadilika. Sasa ulisomeka: "Kaka, habari za wiki?" Haukutaja dawa wala kliniki. Jibu lilikuwa "Salama" au "Nipigie". Tatizo lililofuata lilikuwa salio, maana kujibu kunahitaji vocha, na siku nyingi hakuwa nayo. Akabuni njia yake: bipu moja ni salama, bipu mbili ni nipigie. Hatukuwa tumeandika hilo katika utaratibu wowote, lakini kwa miezi iliyofuata majibu mengi yalikuja kwa bipu, na mara mbili zile bipu mbili zilituwahisha: mara ya kwanza alikuwa na jipu mkononi pale alipojidunga, mara ya pili dada yake alikuwa amemfukuza na hakuwa na pa kulala.

Kisha tukateleza sisi. Mwezi wa saba nilikwenda likizo na simu ya kliniki ikafungiwa katika droo yangu, na ufunguo nikaondoka nao. Jumatano mbili zilipita bila swali. Katika siku hizo Kaka M. alikamatwa kwenye msako karibu na soko na kukaa mahabusu siku kumi na moja bila methadoni wala vidonge. Kabla hajakamatwa alikuwa ametoa bipu mbili kwa simu iliyozimwa ndani ya droo. Wenzake wa dirishani walijua yuko wapi tangu siku ya pili. Kituo cha methadoni kiliandika "mtoro". Na sisi hatukuandika chochote.

Alipotoka alirudi methadoni akiwa dhaifu, na dozi ilibidi ianzishwe chini na kupandishwa taratibu, kwa sababu mwili uliokaa siku nyingi bila dawa hiyo hupoteza uvumilivu na dozi ya zamani inaweza kumzimisha pumzi. Wiki hizo za kupandisha dozi alivuta karibu kila siku. Kidonge cha TLD hakukikosa hata siku moja, kwa kuwa kilikuwa dirishani.

Matokeo

Miezi sita baada ya kidonge kuhamia dirishani, kipimo cha wingi wa virusi kilirudi bila virusi kuonekana. Kilichofuata, mwaka mmoja baadaye, kilikuwa vivyo hivyo. Bado anavuta mara chache kwa mwezi, kwa maelezo yake mwenyewe, na kujidunga ameacha. Simu amebadilisha mara tatu: moja aliiweka bondi ikapotelea huko, moja iliibwa, na moja dada yake aliifunga laini baada ya ugomvi. Msimu wa zabibu, anapotaka kwenda vijijini, mambo huwa magumu, maana dirisha halisafiri, na mipango ya kumpa dozi za kuondoka nazo bado inaamuliwa kila mara upya.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema dirisha ndilo lililofanya kazi na meseji haikufanya. Kwa virusi, hilo ni kweli. Unywaji unaosimamiwa, mahali ambapo mtu anakwenda kila siku kwa sababu zake mwenyewe, uliondoa kopo, usiri wa chumbani na ile hesabu ya kila jioni ya kama leo amevuta au la. Kama vituo hivi viwili vingekuwa vimezungumza tangu mwanzo, huenda tusingehitaji kutuma ujumbe hata mmoja kuhusu vidonge, na hili nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko yote, kubwa kuliko maneno ya ujumbe wa kwanza.

Hata hivyo jipu na kufukuzwa nyumbani visingetufikia kwa njia ya dirisha, ambako foleni ni ndefu na mtu hasimulii mambo yake mbele ya wenzake. Ujumbe ulisaidia pale ulipoacha kuulizia dawa na kuanza kumuulizia mtu. Nadhani ndiyo siri ya ile "Mambo?" ya WelTel pia: uzito wake haukuwa katika neno, ulikuwa katika muuguzi aliyepiga simu baada ya jibu, au baada ya ukimya. Sisi tulichukua simu, tukamwacha muuguzi.

Kuhusu ukimya, tulikosea kwa namna mbili tofauti. Hatukuwa na mtu wa zamu wa kushika simu, na hilo limerekebishwa kwa daftari la makabidhiano, siyo kwa teknolojia. Lakini pia hatukuwa tumemuuliza, siku ya kusaini ridhaa, nani mwingine tumuulize akinyamaza. Mtu wa kawaida akinyamaza siku mbili huenda chaji imeisha. Mtu wa maskani akinyamaza siku mbili anaweza kuwa mahabusu, wodini, au amezidisha dozi. Sasa tunamwomba kila mmoja ataje mwenzake mmoja wa dirishani ambaye mwelimishaji rika anaweza kumuuliza, na tunaandika kwa ruhusa yake ni maneno gani yatumike katika kuuliza. Wengine hukataa, nasi tunaandika kwamba wamekataa.

Kuhusu ushauri nasaha, najilaumu zaidi. Nilikuwa na fomu yenye orodha ya vizuizi, na "kusahau" ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Hakukuwa na mstari wa kuuliza: "Siku uliyovuta, unafanyaje na kidonge?" Swali hilo halina lawama ndani yake, linachukulia kwamba siku hizo zipo, na tangu tulipoanza kuliuliza wapo wengine waliotujibu vilevile kama Kaka M., wakiwemo ambao hawajawahi kabisa kutumia efavirenz na wamelipata wazo hilo kwa kusikia tu kwa wenzao.

Lipo jambo la namba ya simu ambalo hatujalimaliza. Programu ya miadi inadai namba moja, ya mtu mmoja, ya kudumu, na inakataa jalada lisilo nayo. Kaka M. hajawahi kuwa na namba ya namna hiyo. Katika jalada lake la karatasi, kwenye safu ya simu, zipo namba tatu zilizokatwa kwa kalamu ya wino, na ya nne, ya simu anayoshirikiana na mwenzake wa chumba, nimeiandika kwa penseli.